Moja, Tatu, Nne, Mbili

Likazima tena, pale pale,
kona ya tatu ya kupanda Bwlch y Gorddinan,
mvua ya Wales ikilipiga turubai la paa
na kondoo mmoja akinitazama
kama karani wa mahakama.

Tambarare halina neno.
Linanguruma, linajisifu,
MG nyekundu ya mwaka sitini na tano
niliyoinunua kwa kiinua mgongo
wiki ile kiwanda cha vioo kilipofunga lango,
dada yangu Eluned akaniuliza
kama nimerukwa na akili kidogo au kabisa.
Lakini lidai nguvu, kanyaga mafuta:
linakohoa mara mbili, linakata roho.

"Koili," alisema Idwal, jirani yangu,
fundi mitambo wa machimbo ya mawe ya kuezekea,
mstaafu, magoti mabovu, masikio mazima.
Tukabadilisha koili.
Likazima.
"Kondensa." Tukabadilisha kondensa.
Likazima.
Plagi nne mpya, nyeupe kama meno ya utotoni,
nyaya, rota, kifuniko cha distributa,
pauni mia na arobaini, Eluned asijue.
Likazima.

Nikaagiza kifaa cha kisasa, cha elektroniki,
kidogo kama sabuni ya hotelini,
kisicho na pointi za kuchakaa.
Idwal alikigeuzageuza kiganjani
akakirudisha bila kusema kitu.
Nilikifunga mwenyewe, usiku, kwa tochi na kiburi,
nikasahau kwamba magari ya umri huu
yana ukaidi wake:
chanya ndiyo iliyofungwa bodini,
hasi ndiyo inayotembea.
Uzi wa moshi. Harufu ya kitana kilichoungua.
Kifaa changu kiliishi sekunde moja.

Asubuhi Idwal hakucheka,
nikajua amekwisha kucheka kwake.
Alivuta kigoda, akafungua distributa,
akasema: "Leo tusinunue. Leo tutazame."

Akatia mdomoni mpira wa vakyumu
akavuta, mashavu yakibonyea,
kama mtoto na mrija kwenye soda iliyokwisha.
Ndani, sahani ndogo ikajizungusha,
na hapo nikauona:
waya wa ardhi, mfupi kuliko kidole changu cha mwisho,
umevaa shati la pamba lililochakaa,
na ndani ya shati, nyuzi zote zimekatika
ila moja.

Basi kila nilipoomba nguvu
sahani iligeuka, uzi ukavutika, ukaachia.
Moto ulikuwepo siku zote.
Ulikosa mahali pa kukanyaga.

Alikata waya mwingine
kwenye pasi ya marehemu Nesta, mkewe,
iliyokaa stoo tangu mazishi.
"Waya wa pasi umezoea kukunjwa," alisema,
akapuliza vumbi, akalehemu,
mkono ukitetemeka mpaka ncha ilipogusa,
kisha ukatulia.

Tukarudisha pointi za zamani.
Mwanya wa meno ni urembo,
huu ukizidi unywele mmoja ni aibu barabarani.
Akaupima kwa bamba la chuma, jicho moja limefumba,
akinifundisha hesabu ya silinda
zisizojua adabu ya foleni:
moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu, nne, mbili.

Kona ya kwanza. Ya pili.
Kwenye ya tatu nilibana pumzi,
nikakanyaga mpaka sakafuni,
na yule kondoo, au ndugu yake,
akaruka ukuta kutupisha.

Juu kabisa, ukungu, hatukuona hata bonde.
Niliachia usukani, nikapiga makofi.
Idwal aliinamisha sikio kwenye dashibodi.
"Taimingi," alisema,
"iko nyuma digrii mbili."

Koili ya zamani ipo rafuni, haina kosa lolote.
Bado sijaiomba radhi.